Ni kinasa kipi kimfaacho mwalimu?

Kila muhula unapoanza, hawakosi walimu wenzangu hapa Kitale wanaoniuliza swali lile lile: mtu akitaka kurekodi vipindi vya televisheni nyumbani kwake, hasa vile vya masomo, anunue mashine gani? Wauzaji wana jibu lao. Watamwonyesha mteja ukubwa wa diski, wamhesabie saa zinazoingia humo, kisha wakisifu kitufe kinachosimamisha kipindi kikiwa bado hewani. Mimi nina jibu tofauti, nami nililipata kwa gharama.

Mwezi Machi mwaka 2020, shule zote nchini zilipofungwa kwa sababu ya korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliendelea kuwafundisha wanafunzi kupitia redio na kituo chake cha televisheni, Edu TV. Mpwa wangu, aliyekuwa Kidato cha Nne wakati huo, alikuwa kwao karibu na Bungoma. Nyumbani hapakuwa na televisheni. Jirani alikuwa nayo, ila mlango wa jirani ulifunguliwa jioni tu, saa ambazo somo la Kemia lilikuwa limekwisha kupita. Nami nilikuwa na king'amuzi chenye tundu la flashi. Nikaona hapa pana kazi ya mjomba.

Kwa wiki tatu nilirekodi. Kipindi cha saa moja kilichukua takriban gigabaiti moja, hivyo flashi ndogo ya gigabaiti 16 ilitosha kabisa. Umeme ulipokatika katikati ya somo, faili iliharibika na somo likapotea lote. Hata hivyo nilikusanya masomo kumi na moja mazima, nikapanda matatu, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma. Jioni hiyo tulichomeka flashi kwenye televisheni ya jirani, watu wazima na watoto wametulia kana kwamba wanasubiri taarifa ya habari. Kioo kikatuambia kwamba hakuna kitu.

"Mjomba, labda ulisahau kubonyeza," akasema mpwa wangu kwa adabu.

Sikuwa nimesahau. Masomo yalikuwemo, lakini king'amuzi changu kilikuwa kimeyafunga kwa ufunguo wake chenyewe, na hapana mashine nyingine duniani ambayo ingeyafungua. Wiki iliyofuata nilirudi Bungoma nikiwa nimekipakata king'amuzi chenyewe, rimoti mfukoni na nyaya katika mfuko wa sukari. Hapo ndipo tuliposoma Kemia. Kilibaki huko hadi mtihani wa KCSE wa mwaka 2020 ulipoanza, mwezi Machi mwaka 2021, nami nikakaa miezi hiyo yote bila televisheni.

Kwa hiyo ninapozilinganisha mashine hizi sianzi na ukubwa wa diski. Vile ving'amuzi vya kulipia vyenye diski ndani ndivyo vilivyo bora kwa starehe. Vinaweza kurekodi stesheni moja huku mtu akitazama nyingine, na havihitaji flashi. Lakini kilichoingia humo hakitoki. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Jiografia mjini Bungoma, alikuwa amehifadhi humo filamu za volkano na mito ya barafu kwa mwaka mzima. Malipo ya mwezi yalipomshinda, mashine ilikataa kumwonyesha hata kile alichokirekodi alipokuwa akilipa. Vile vya bei nafuu vyenye tundu la flashi ni vya aina mbili ambazo kwa nje hazitofautiani hata kidogo. Aina ya kwanza hufunga faili, kama changu. Ya pili huiacha wazi, ikachezwa katika kompyuta au televisheni yoyote yenye uwezo wa kuisoma. Vingi vya aina hii ya pili haviwezi kukuonyesha stesheni moja huku vikirekodi nyingine, na muuzaji atavidharau kwa sababu hiyo. Mimi ndivyo ninavyovichagua.

Tunaokumbuka deki za video tutaona ajabu. Kanda ya VHS, ambayo kampuni ya JVC ya Japani iliitoa mwaka 1976, ilikuwa kubwa kama kitabu, na ile ya kawaida ilibeba saa tatu tu. Ilikwaruzika, ilinasa vumbi, na mara nyingine deki iliitafuna. Lakini uliporekodi kipindi cha KBC Kitale, kanda ile ilichezwa Bungoma, Kapsabet au Mombasa bila kuomba ruhusa ya mtu. Leo tuna picha safi zaidi na uhuru mdogo zaidi, na badiliko hilo lilipita bila mwalimu yeyote kuulizwa.

Najua wenye filamu wana hoja yao, kwamba faili iliyo wazi hunakiliwa na kuuzwa mitaani. Si hoja ya kupuuzwa. Wasanii wetu wameumia. Lakini hata Marekani, wenye filamu walipokwenda mahakamani kuzipinga deki za video, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1984, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si kosa. Isitoshe, somo la Kemia la KICD limegharamiwa na kodi ya mzazi wa Kitale na ya mzazi wa Bungoma. Ni mwizi gani anayezuiwa na kufuli lile?

Tangu mitambo ya analogia ilipozimwa mwaka 2015, anayetaka kupokea matangazo ya angani hana budi kuwa na king'amuzi, au televisheni yenye king'amuzi ndani yake. Mamlaka ya Mawasiliano huviidhinisha kabla ya kuuzwa. Basi na iongeze sharti moja: kwenye kasha iandikwe, kwa Kiswahili kinachosomeka, iwapo kilichorekodiwa kitachezwa katika mashine nyingine au la. Nao wakuu wa shule wasitie sahihi hati ya ununuzi kabla ya kulijua hilo.

Wakati tukisubiri, nawashauri wenzangu waende dukani na flashi yao mfukoni. Mwombe muuzaji arekodi dakika tano za kipindi chochote, kisha aichomoe flashi na kuichomeka kwenye televisheni ya pili au kompyuta. Muuzaji mmoja wa hapa Kitale aliniambia kwamba jaribio hilo lingempotezea wakati. Nilimuaga, nikaingia duka la pili.