Nani Kasema Ni Wazururaji?

Jamani waandishi wenzangu, hebu tuambiane ukweli. Hadithi zetu sisi vijana nimezisoma nyingi, na kila mara mtu anayelala kibarazani mwa duka Kariakoo huja kwa sura tatu tu: mwizi, chizi, au mzee wa busara anayemwachia mhusika mkuu neno moja zito halafu anapotea gizani. Mtu aliyekuwa na chumba, akalipa kodi, kisha ikamshinda, hayumo. Hayumo kwa sababu anatufanana mno.

Tupige hesabu ya Dar es Salaam. Tuseme umepata chumba kimoja Manzese, choo cha wote, shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki 60,000. Anataka miezi sita kwa mkupuo, na wengine wanataka mwaka. Miezi sita ni 360,000. Dalali naye, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kusema "hapa maji hayakatiki, bosi wangu", anadai kodi ya mwezi mmoja. Jumla 420,000, na hata ndoo ya kuogea hujanunua. Sasa wewe unabeba mizigo sokoni, unalipwa kwa siku. Unaweza ukawa na 2,000 ya malazi kila siku inayopambazuka, yaani kodi kamili ya mwezi, na bado ukalala nje! Pesa unayo, ila huna ya miezi sita mkononi kwa siku moja.

Halafu asubuhi tunapita na mashati yetu ya pasi: "Wavivu hawa, si warudi kwao wakalime." Kwao wapi? Wengine kwao ni Temeke.

Na hili neno mzururaji tunalolimwaga ovyo kwenye karatasi lina pingu ndani yake. Uingereza ilitunga sheria ya wazururaji mwaka 1824, wakati mitaa yake imejaa askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon hawana pa kulala. Sheria za namna hiyo zikaletwa na wakoloni hadi kwetu. Mwingereza akaondoka, zikabaki. Mwaka 1983 tukaongeza ya kwetu, Nguvukazi: watu wakakamatwa mjini wapelekwe kulima, na wengi wakarudi walikotolewa. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapo Arusha, si Ulaya, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Sisi bado tunalitumia neno kana kwamba ni jina la kabila.

Mtaniambia mwenye nyumba naye ana shida zake. Kweli. Amejenga miaka kumi, tofali moja moja, bila mkopo wa benki, na miezi sita yako ndiyo bati la chumba kinachofuata. Simchukii. Ila mambo hayakuwa hivi siku zote. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka 1984 ikatunga sheria ya kudhibiti kodi, na mwaka 2005 ikaifuta. Sisemi enzi zile zilikuwa pepo, maana bila kujuana na mtu ofisini funguo hukuziona. Nasema miezi sita haikushuka kama mvua. Kuna waliokaa mezani wakaamua mpangaji na mwenye nyumba wamalizane wenyewe, na mnajua nani humalizwa.

Kwa hiyo ukinipa tena hadithi yenye mtu wa kibarazani, usinianzie na matambara yake. Niambie alikuwa akilipa shilingi ngapi, mtaa gani, na siku kodi ilipokwisha godoro lake lilitolewa na nani.