Kofia ya Mama isifungiwe kiooni

Jamaa zangu, mmeniuliza rai yangu kuhusu vipande viwili vya kofia ya viua alivyoviacha marehemu Mama: duara la juu lililokamilika, na ukanda wa pembeni ambao theluthi yake haijatiwa uzi. Wengi wenu mwataka vitiwe fremu, vitundikwe sebuleni kwangu hapa Tottenham. Mimi sikubali.

Kofia ya Baba mnaikumbuka. Niliipeleka kwa fundi wa fremu, akaigandisha kwa gundi juu ya kadibodi, nami nikaitundika mkabala na dirisha la kusini. Leo gundi imepenya kitambaani na kugeuka manjano, na upande uliopigwa na jua umefifia. Gundi ni kosa la fundi. Dirisha ni kosa langu. Makumbusho aghalabu huziweka nguo za kale katika mwanga usiozidi laksi 50, ambao ni hafifu mno. Sebule yangu, hata siku ya mawingu, hupata zaidi ya huo.

Tena kioo huonyesha uso tu. Mama akiletewa kofia alikuwa akiigeuza kwanza. Upande wa ndani wa kila tundu lililotobolewa na kuzungushiwa uzi ulimwambia kama mshonaji alikuwa na subira au alikimbilia malipo. (Huko Maskati kofia ya namna hii ina jina ambalo Mswahili mwenye haya hulikwepa, lakini kazi hupimwa vivyo hivyo.) Fremu ingeuficha upande huo.

Basi binti wa ndugu yetu, aliyefunzwa na Mama mwenyewe, aumalize ukanda. Mmesema mkono wake haujaufikia wa bibi yake. Ni kweli, tofauti itaonekana, na ionekane. Mashine ya kudarizi aliyoipendekeza mmoja wenu ingetupa viua vilivyo sawasawa, lakini hakuna wa ukoo huu atakayekuwa amevishona.

Kisha vipande viunganishwe, kofia ifuliwe kwa mkono, itiwe wanga, na ivishwe kwenye faruma mpaka ikauke, isije ikanywea. Faruma ya Baba ninayo bado, chini ya ngazi. Mjukuu mmoja alidhani ni kigoda. Ivaliwe Idi. Baadaye ifuliwe tena wanga utoke, kwa kuwa wadudu huupenda, ifungwe kwa kitambaa cha pamba na kuwekwa kabatini.

Uzi nimekwisha kuununua. Nangoja jibu lenu kabla ya Ramadhani. Nani aivae kwanza, tutazungumza mkija.