Usiniambie tu "imeandikwa"

Wacha nikiri kitu. Hadi juzi nilikuwa nasema Gita ndiyo Biblia ya Wahindu. Rafiki yangu Mhindu akanicheka sana. "Wewe, mambo si rahisi hivyo."

Kumbe wana ngazi. Juu kabisa kuna shruti, "yaliyosikika": Veda 4 pamoja na Upanishadi. Chini yake kuna smriti, "yaliyokumbukwa": Ramayana, Mahabharata, Purana, vitabu vya sheria. Zikigongana, shruti ndiyo inashinda. Na Gita? Iko ndani ya Mahabharata. Yaani kwenye karatasi, kitabu ambacho wengi wanakipenda kiko ngazi ya pili!

Ilikuwaje? Mimi naona hivi: kitabu hupata nguvu kwa kufikika. Vitabu vya sheria vya zamani vilimkataza Shudra hata kusikiliza Veda, na wanawake nao walifungiwa nje. Lakini hadithi za Rama na Krishna zilikuwa za kila mtu. Karne ya 16, Tulsidas akaandika habari za Rama kwa Kiawadhi, lugha ya mtaani, si Sanskriti. Hadi leo watu wa kaskazini mwa India wanaziimba.

Hapo nimefurahi. Sasa kuna upande mchungu.

Manusmriti pia ni smriti, na inawapanga watu juu na chini kwa kuzaliwa tu. Ukiuliza, kuna wale watakwambia, "Aah, hiyo ni smriti tu, si Veda." Sawa, lakini hiyo ni rahisi kusema kama si wewe uliyekatazwa maji. Mwaka 1927, huko Mahad, Wadalit walikuwa wanapigania haki ya kuchota maji kwenye bwawa la umma. Tarehe 25 Desemba mwaka huo, Ambedkar na wenzake wakaichoma Manusmriti hadharani. Kwenye karatasi ilikuwa ya pili. Kwenye shingo zao ilikuwa ya kwanza.

Kwa hivyo mimi siulizi tena kitabu gani ni kikubwa. Nauliza: nani aliruhusiwa kukisoma, na nani anaumia kikisomwa? Na hilo swali si la Wahindu peke yao. Hata kwetu, mtu akisimama mbele akasema "imeandikwa", muulize.

Ama wewe unaonaje?