Kadi ya mtoto nayo ivuke mpaka

Mfanyabiashara wa Namanga au Busia akivusha mahindi ya Jumuiya yasiyozidi thamani ya dola 2,000, cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinatambuliwa pande zote mbili. Mtoto wake anayeumwa tumbo hana cheti cha namna hiyo. Upande huu hupewa dawa ya amiba, upande wa pili ya homa ya matumbo, na kila daktari huanza upya.

Mara nyingi kuharisha huletwa na vijidudu. Lakini kukidumu wiki nyingi, mtoto akakonda au akaacha kurefuka, huenda ni ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe na vidonda sugu vya njia ya chakula. Hakuna kipimo kimoja kinachoutambua. Daktari huunganisha majibu ya damu, choo, kamera ya utumbo na sampuli za nyama yake. Tena hufanana na kifua kikuu cha utumbo. Vikichanganywa, dawa za kushusha kinga huweza kuchochea kifua kikuu.

Ufuatiliaji nao ni wa miaka. Uzito wa siku moja hausemi mengi. Mfululizo wa uzito na urefu ndio unaosema.

Wizara za afya za Afrika Mashariki zikubaliane juu ya kadi moja inayosomeka kila upande. Hadi hapo, mzazi asafiri na kadi na majibu yote, kama anavyosafiri na stakabadhi za mzigo.