BUNDUKI NYEPESI NA MAJARIBIO YAKE

Wako wasemao kwamba bunduki mpya ya mfano, iliyopunguzwa uzito kwa ustadi, haifai kupelekwa katika mashindano ya shabaha. Mashindano ni mchezo, wasema, na kupima silaha ni kazi ya wataalamu. Sisi hatukubaliani nao.

Hatusemi juu ya mashindano ya kulala kifudifudi na kulenga kwa raha. Twasema juu ya yale ya vitendo, ambayo chama chake cha kimataifa, IPSC, kiliundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, Missouri, huko Marekani. Humo mlengaji hukimbia, huinama, hupiga kutoka nyuma ya ukuta, na alama zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Bunduki ikikwama, saa haimngoji.

Wataalamu nao wana kazi yao, hatuikani. Mwaka 1956 kampuni ya ArmaLite ilipeleka bunduki yake AR-10, yenye uzito wa ratli 7 hivi, ikajaribiwe katika kiwanda cha silaha cha serikali kule Springfield, Massachusetts. Ili kupunguza uzito, mkuu wa kampuni, George Sullivan, alishikilia kwamba mtutu uwe wa alumini wenye chuma ndani, ingawa Eugene Stoner, aliyeibuni bunduki, alipinga. Mapema mwaka 1957 mtutu ukapasuka katika majaribio. (Bwana Sullivan, twadhani, siye aliyekuwa ameishika.) Kosa lilionekana kiwandani, na hivyo ndivyo ilivyopasa.

Lakini tazameni yaliyompata mdogo wake, AR-15, ambayo jeshi la Marekani liliiita M16. Ilikuwa na ratli 6 na nusu hivi, ilhali M14 ilifika ratli 9. Askari aliweza kubeba risasi nyingi zaidi, na hilo si jambo dogo kwa mtu atembeaye kutwa. Bunduki ilijaribiwa kwa baruti ya namna moja. Kuanzia mwaka 1964 baruti ya namna nyingine ikakubaliwa, iliyoharakisha mwendo wa mitambo na kuacha masizi mengi. Chemba haikupakwa kromi. Vifaa vya kusafishia havikuwatosha askari waliopelekwa Vietnam, na wengine waliambiwa kwamba bunduki hiyo haihitaji kusafishwa sana. Maganda yakakwama ndani ya chemba, na vijana wakafa mikononi mwao mkiwa na bunduki isiyolia. Kamati ya Bunge chini ya Richard Ichord ililaumu mambo hayo katika taarifa yake ya Oktoba 1967.

Iliyojaribiwa, basi, siyo iliyobebwa. Hapo ndipo tunapoona faida ya uwanja wa mashindano. Kweli, mshindani hurudi nyumbani jioni akasafisha bunduki yake, na matope ya wiki tatu hayajui. Lakini huko mtutu mwembamba hupata moto upesi na risasi zikaanza kupotea, mbele ya watu, bila mwenye kiwanda kuweza kulifunika jambo.

Twataka bunduki ya mfano ipewe mtu ambaye hakuibuni wala halipwi na kampuni. Apige kwa risasi zile zile zitakazonunuliwa baadaye, si zilizochaguliwa moja moja. Kila inapokwama iandikwe, na daftari hilo lisomwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi.