Visingizio vya Kufungia Vitabu

Ukitaja maktaba ya shule ya msingi mbele ya walimu au wazazi, majibu huja haraka, na huwa ni yaleyale. Baadhi yana ukweli ndani yake. Mengi ni visingizio vilivyozoeleka mpaka vikaonekana hoja.

"Shule haina chumba." Madarasa yanakosekana, ni kweli; zipo shule ambako watoto wanapokezana madawati asubuhi na mchana. Lakini maktaba haianzi na chumba. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa kaskazini mashariki kwa ngamia. Masanduku yanashushwa, mkeka unatandikwa chini ya mti, watoto wanachagua. Kabati moja la darasa la tatu litashindwa na nini?

"Watoto watavichana." Hapa pana haja ya kukaa kidogo, maana ndiyo sababu halisi ya vitabu vingi kutofunguliwa. Fungua kabati la ofisi ya mwalimu mkuu katika shule nyingi na utakuta vitabu vya hadithi vimepangwa vizuri, muhuri wa shule ukurasa wa kwanza, vingine bado vimefungwa kamba kama vilivyoshushwa garini. Ukiuliza, huambiwi kwamba watoto hawavitaki. Unaambiwa vimeandikwa kwenye leja, na mkaguzi akija akakuta vimepungua, atakayejibu ni mwalimu mkuu. Hana kosa kuogopa. Kitabu kikipotea ataulizwa. Kikiliwa na mchwa bila kusomwa na mtoto hata mmoja, ni nadra mtu kumuuliza. Basi anafunga.

Mwalimu huyu hahitaji kuhubiriwa, anahitaji kinga. Kamati ya shule iandike kwenye muhtasari kwamba vitabu vya hadithi ni vya kutumika na kuchakaa, na kila mwisho wa mwaka ikague vilivyochakaa na kuomba vifutwe kwenye leja kwa utaratibu. Kisha liwepo daftari la azima: tarehe, jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kurudisha. Viranja wa darasa la sita wanaliweza. Mbona wapiga kelele wanawaandika kila siku bila kukosea jina? Majalada yavalishwe kaki, kurasa zilizolegea zishonwe kwa uzi. Na kitabu kilichochanika ukurasa wa kumi na mbili, angalau kuna aliyefika ukurasa wa kumi na mbili.

"Watoto wa siku hizi hawapendi kusoma, wanapenda simu." Simu ya nani? Katika nyumba nyingi za kijijini simu ni ya baba, na baba anatembea nayo. Msomee mtoto kisa kimoja cha Abunuwasi, unyamaze pale anapobanwa na Sultani, uone kama utaruhusiwa kwenda zako. Wanachochukia watoto ni kusimamishwa wasome kwa sauti huku mwalimu ameshika fimbo. Hata mimi ningechukia.

"Kusoma hadithi kunakula muda wa mtihani." Hii husemwa sana na walimu wa taaluma, na wanaisema kwa nia njema. Nchini Tanzania darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, darasa la saba lina mtihani wa kumaliza, na matokeo yakitoka shule zinalinganishwa. Lakini mtihani wenyewe ni nini kama si kusoma? Mtoto anayesoma silabi kwa silabi anafika mwisho wa habari ya ufahamu akiwa amesahau mwanzo wake, na swali la hisabati la maneno linamshinda kabla hajaanza kukokotoa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Elley na Mangubhai walilijaribu jambo hili katika shule za vijijini Fiji. Madarasa ya nne na ya tano yalipewa vitabu vya hadithi 250 kila moja, kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wale kilikuwa lugha ya pili. Baada ya miezi minane, kusoma kwao kulikuwa kumekua kwa kasi maradufu ya kawaida, na baadaye faida ikaenea kwenye stadi nyingine za lugha. Walinganishe na Busia, Kenya, ambako katika miaka ya 1990 shule ziligawiwa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wengi hawakuweza kuvisoma. Kitabu cha kiada kinamchukulia mtoto kuwa anajua kusoma. Cha hadithi ndicho kinachomfikisha huko.

"Vitabu vya Kiswahili hakuna." Nusu kweli. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania tangu 1991 umefunza waandishi na wachoraji, na ukanunua nakala za kupeleka shuleni. African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini, ina hadithi za Kiswahili ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichapa bure. Pengo ninaloliona ni la watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili: vitabu vya picha wamevimaliza, riwaya bado zinawazidi, na wachapishaji wanategemea soko la kiada. Hilo nalikubali. Ila shule isiyoazimisha hata vile ilivyonavyo isilalamikie uhaba.

Imebaki hoja nzito kuliko zote: "Maktaba zimeshajengwa kwingine, hazikusaidia." Ni kweli, zipo zisizosaidia. Katika jimbo la Karnataka, India, watafiti walipima mradi wa maktaba za shule na hawakuona alama za lugha zikipanda. Lakini Ufilipino, mkoani Tarlac, shule zilipata vitabu 60, walimu wakafunzwa namna ya kuvitumia, kisha darasa la nne likawa na siku 31 za kusoma, na kusoma kwao kukapanda. Vitabu 60 vinaingia kwenye boksi moja. Uzito uko kwenye kipindi kilichoandikwa katika ratiba na mwalimu aliyejua la kufanya nacho. Anayetaka kujenga jengo na ajenge. Asiite maktaba mpaka watoto waanze kuazima.

Wewe mzazi, kwenye mkutano ujao wa shule usiulizie kambi ya mitihani peke yake. Uliza kipindi cha kusoma kiko siku gani, kisha omba uoneshwe daftari la azima.