Moma Ana Kosa Gani?

Hapa Kitengela moma akionekana tu, hukumu yake ni moja: mawe. Hata yule mjusi wa kichwa chekundu anayeota jua, asiye na sumu hata chembe, hupigwa vivyo hivyo. Mimi napinga jambo hili, na najua wengi mtanicheka.

Sisemi moma ni rafiki. Sumu yake huozesha nyama, na mtu akichelewa kufika hospitali anaweza kupoteza mguu au maisha. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Kwa hivyo mchungaji wa Kajiado anayepita nyasini alfajiri na akala zake ana kila sababu ya kuogopa.

Lakini moma hamkimbizi mtu. Hulala kimya, rangi yake kama majani makavu, akingoja panya apite. Tunamkanyaga kwa sababu hatumwoni. Na panya hao ndio wanaomaliza mahindi yetu. Ukimaliza moma, usishangae panya wakikusalimia jikoni!

Tena, ni nani aliyemfuata mwenzake? Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Tangu hapo mbuga imekatwakatwa ikawa ploti, nyua za waya na machimbo ya mawe. Watu huwasikitikia nyumbu na punda milia waliozibiwa njia ya kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na ni vyema. Ila nyumbu ana miguu ya kutafuta njia nyingine. Moma hana mbio. Tingatinga humkuta papo hapo chini ya jiwe lake.

Kule Arizona, Marekani, kuna mjusi wa jangwani mwenye sumu aitwaye Gila. Alilindwa kwa sheria mwaka 1952, wakati hakuna aliyejua kuwa sumu yake ingeleta faida yoyote. Baadaye wanasayansi walipata katika sumu yake kemikali iliyozaa dawa ya kisukari, nayo ikaidhinishwa huko mwaka 2005. Je, wangekuwa wamemmaliza kwa mawe?

Rafiki yangu mmoja huniambia, "We ngoja akuume ndio utajua." Sawa. Basi tudai dawa ya sumu ya nyoka iwepo katika zahanati zetu, si Nairobi tu. Tutembee na tochi usiku. Nyoka akiingia nyumbani, tukae mbali naye na tuwaite watu wa KWS. Hayo yataokoa watu wengi kuliko rungu.

Nasikia muhula ujao tutaambiwa tuchome nyasi na kuvunja mawe nyuma ya uwanja wa kandanda. Namwomba mwalimu mkuu kwa heshima: nyasi za karibu na madarasa zifyekwe zote, hata leo. Lakini mawe yaliyo ng'ambo ya ua, kule korongoni ambako hatuendi hata kufuata mpira, yaachwe.